Mtu Mzima na Jezi Yake

Kila Alhamisi jioni chama chetu hukutana katika chumba kile cha ghorofa ya pili tunachoazimwa na chuo hapa Newcastle. Wanaojifunza Kiswahili hukaa na sisi tuliozaliwa nacho, chai ya tangawizi huja kwenye chupa mbili, na watu huzungumza mpaka mlinzi aje kuzima taa. Wanachama wanaufahamu utaratibu huo. Wanamfahamu pia mzee tunayemwita Mjomba, ambaye si mwanafunzi wala mwalimu. Ni Mtanzania wa miaka hamsini na kitu, anafanya usafi wa usiku kwenye yadi ya mabasi, na kwa mwaka mzima alikuwa akipita chumbani kwetu kabla ya kuingia zamu. Hakuna aliyewahi kumuuliza alifikaje kwetu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimgombania. Sisi tukizungumza nao tunapunguza mwendo na kuchagua maneno mepesi. Yeye aliwasimulia mechi kama mtangazaji wa redio, na kila mtu akashika alichoshika.

Alipovua koti, ndani kulikuwa na jezi ya Simba. Siku zote jezi ileile, nyekundu iliyopauka, na kifuani kiraka cha kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, chekundu kuliko jezi yenyewe.

Sisi tunaoandika haya tu wanne, tunakaa nyumba moja huko Heaton: wawili wa Dar es Salaam, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Unguja. Tunaandika kwa pamoja kwa kuwa kosa tulilifanya kwa pamoja. Mwezi Oktoba ilipigwa picha ya kikundi. Tuliporudi nyumbani tukaikata, akabaki Mjomba peke yake, mikono kiunoni, tumbo mbele, kiraka kifuani. Chini yake tukaandika "Mtu mzima ovyo" na kuifanya stika ya WhatsApp. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tukaituma kwenye kundi la chama, nalo likajaa vicheko. Tulichosahau ni kwamba katibu alikuwa amemwingiza Mjomba kwenye kundi tangu Agosti, ili apate taarifa za mikutano.

Hakujibu. Hakujitoa kwenye kundi. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ya pili, wala ya tatu.

Mwanzoni tulijitetea. Simba na Yanga ni watani wa jadi, tukasema, na mmoja wetu ni Yanga wa kuzaliwa. Tangu lini Mwananchi akakatazwa kumcheka Mnyama? Lakini hata sisi tulijua kwamba hoja hiyo haisimami. Utani una kanuni zake: unamtania mtu usoni, naye anakurudishia palepale, ikiwezekana zaidi ya ulivyompa. Sisi tulimchekea chumbani kwetu, kisha tukamtumia kwa bahati mbaya. Na tulichocheka hakikuwa Simba. Tungecheka vilevile kama angevaa Yanga. Tulicheka umri wake.

Ndipo mabishano yakaanza jikoni, na yakaendelea kwa siku kadhaa. Yule Yanga wetu ndiye aliyeshikilia kwamba stika ilikuwa mbaya lakini maneno yake yalikuwa ya kweli. Baba yake ni mwanachama wa Yanga mwenye kadi, mtu wa kukosa usingizi timu ikifungwa, na hajawahi kuvaa jezi maishani mwake. Huenda uwanjani na shati la mikono mifupi lililopigwa pasi, kalamu mfukoni. Kwake yeye jezi ni nguo ya kazi, kama ovaroli ya fundi. Asiyeingia uwanjani kucheza ataivalia nini? Halafu kuna jambo la mgongoni. Mtu ana wajukuu, amesimama kwenye foleni ya benki na jina la kijana wa miaka 20 mgongoni, kijana ambaye Januari anaweza kuuzwa kwa mahasimu.

Hoja hii si ya wazee wa Dar peke yao. Ukiangalia picha za zamani za viwanja vya Uingereza utaona watu wazima wamejaa majukwaani na makoti, kofia na skafu, na huoni jezi. Biashara ya jezi za mashabiki ilianza na watoto. Kampuni ya Admiral ya Leicestershire ilianza na Leeds United, kisha mwaka 1974 ikapata timu ya taifa ya England, na soko lililolengwa lilikuwa wavulana wenye wazazi wasioweza kusema hapana. Watu wazima walikuja kuzivaa kwa wingi baadaye, na sasa wao ndio wanaozilipia hasa. Jezi mpya ya mtu mzima ya timu kubwa haipungui sana pauni 80. Mtoza kodi naye anatofautisha: nguo za watoto wadogo hapa hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani, za watu wazima zinatozwa asilimia 20. Mwaka 2003 mamlaka ya ushindani wa biashara ilitoza faini za jumla ya pauni milioni 18.6 kwa kampuni kadhaa za michezo, na klabu moja kubwa ikiwemo, kwa kupatana bei za jezi ili zisishuke. Kwa hiyo anayesema kwamba shabiki mtu mzima anakamuliwa hasemi uongo.

Mwenzetu wa Mombasa alijibu kwa kutaja kanga. Mama zetu, alisema, wamevaa maneno mwilini tangu hatujazaliwa, tena watu wazima kabisa, na hakuna anayewaita ovyo. Tulimcheka kidogo, kisha tukaacha kucheka. Mwanamke anayenunua kanga anaangalia rangi na mji, lakini hatoi pesa kabla ya kusoma jina. Anajua akipita nayo uani kwa wifi yake litasomwa, na anajua atakayeulizwa ni yeye. Kuna kanga mtu anaipenda mno rangi zake na anairudisha mezani kwa sababu ya maneno.

Sisi wanaume wa jezi, je, tunasoma?

Hapo mwenzetu wa Unguja akanyamaza. Yeye ana jezi ya Newcastle United ya miaka michache iliyopita, mistari myeusi na myeupe, aliyoipata kwenye duka la mitumba la hisani kwa pauni 7. Ndiyo nguo anayoivaa kuliko zote, pamoja na Ijumaa. Kifuani ina jina la kampuni ya kubeti. Amekuwa akisimama safu ya pili msikitini na tangazo la kamari, na hajawahi kuliwaza, kwa sababu kwake lile halikuwa neno, lilikuwa sehemu ya pambo. Alipoanza kuchunguza ndipo tukajua jambo lililotushangaza wote: jezi za saizi ya watoto haziruhusiwi kubeba jina la kampuni ya kubeti. Timu ileile, mwaka uleule, kifua cha mtoto ni safi, cha baba yake kina kamari. Tofauti kati ya jezi ya mtoto na ya mtu mzima, kumbe, imo kwenye maandishi.

Tukaanza kukumbuka nyingine. Januari 2020, Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, nani kati yetu hakuitaka ile jezi? Aliwafunga Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga tena kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na sisi tulikuwa tayari kulala njaa tuipate. Nayo ilikuwa na jina la kampuni ya kubeti. Simba na Yanga zenyewe zimebeba majina ya aina hiyo. Klabu za Ligi Kuu ya hapa zilikubaliana mwaka 2023 kuyaondoa majina hayo mbele ya jezi kufikia mwisho wa msimu wa 2025/26, lakini mikononi yanaweza kubaki, na mamilioni ya jezi za zamani hazitafutika. Mchezaji mmoja wa hapahapa Newcastle, Papiss Cissé kutoka Senegal, mwaka 2013 alisita kuvaa jezi yenye jina la kampuni ya mikopo ya riba kwa sababu ya dini yake, na gazeti baada ya gazeti likamjadili. Yeye alikuwa analipwa kuivaa. Sisi tunalipa.

Mji huu una kisa chake kingine cha mavazi ambacho hatukuweza kukiacha. Oktoba 2021, mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia uliponunua sehemu kubwa ya Newcastle United, baadhi ya mashabiki walikwenda St James' Park wamevaa majoho na vitambaa vya kichwani vya Kiarabu, vingine wazi kabisa kwamba ni taulo za jikoni. Klabu ikawaomba waache, kama si mavazi yao ya kawaida. Siku chache baadaye ikageuza kauli na kusema wavae wakipenda. Mwenzetu wa Unguja alikuja hapa baada ya hayo, na Idd yake ya kwanza akapita mjini na kanzu na kofia, na kijana mmoja akamuuliza kwa uchangamfu leo tunacheza na nani. Hakukasirika. Anasema kilichomkaa ni kugundua kwamba nguo yake ya heshima, ile ambayo babu yake alizikwa siku moja baada ya kuivua, kwa mtu mwingine ni jezi.

Wala si rahisi kuvaa jezi za nyumbani katika mji huu. Wekundu wa Msimbazi waliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971, na rangi zao nyekundu na nyeupe ndizo za Sunderland ya hapa, ambayo iko kama kilomita 20 kutoka tunapokaa na ndiyo timu ambayo watu wa Newcastle hawaiwezi hata kwa kuitaja. Mtu akikatiza katikati ya mji na jezi ya Simba anaweza kuzomewa na watu wasioijua Kariakoo iko bara gani. Yule Yanga wetu naye alivaa kijani na njano mara moja, akaulizwa kutwa nzima kama ametoka Norwich. Baa kadhaa siku za mechi huweka tangazo mlangoni kwamba rangi za timu haziingii. Mjomba alikuwa akipita katikati ya yote hayo kila Alhamisi na jezi yake nyekundu, na sisi tukaona tumbo tu.

Tulikwenda kwake Jumapili, Byker, tukiwa na maandazi tuliyoyapika wenyewe, magumu. Alitufungulia amevaa msuli na sweta. Shikamoo, marahaba, karibuni. Jezi ilikuwa imetandazwa juu ya kipasha joto. Mwenzetu wa Mombasa, ambaye ana ulimi mzuri kuliko sisi, alisema, "Mjomba, tumekuja kuomba radhi. Tulikukosea heshima na hatuna la kujitetea."

Alituacha tukae kidogo na maneno hayo. Kisha akauliza nani aliikata ile picha. Aliyeikata akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Umekata vizuri," akasema. "Masikio yote mawili yamo."

Akaleta chai. Hakutuambia kwamba ametusamehe na hakutuambia kwamba hajatusamehe. Alizungumza habari za kazini, bei ya umeme, binti yake aliye Tanga. Baadaye sana, akiwa anaokota vikombe, akatuonyesha koti lake la kazi lililoning'inia nyuma ya mlango, lenye jina la kampuni mgongoni kwa herufi zinazosomeka upande wa pili wa barabara. "Hili nalivaa siku sita," alisema. "Sijaona mtu akalicheka. Wala sikupewa nichague."

Tukapata ujasiri wa kuuliza habari za kiraka. Jezi ile aliinunua Kariakoo kabla ya kusafiri, miaka ile ambayo bia ya Kilimanjaro ilidhamini Simba na Yanga kwa pamoja. Jina la bia lilikuwa kifuani. Yeye hanywi, lakini nyumbani hilo halikumsumbua, kwa kuwa kila mtu Kariakoo alikuwa nalo, na lililo kwa wote halimsemi mtu. Alipofika hapa aliona kwamba ni yeye peke yake anayelivaa, na Isha humkuta yadini akiwa na jezi chini ya ovaroli. Kwa hiyo akakata kipande cha bendera ndogo ya Simba na kulishonea juu. Alishona mwenyewe, ndiyo maana kimekaa upande.

Tulimtazama mwenzetu wa Unguja. Alikuja na jezi yake ya Newcastle ndani ya koti, na chumba kile kilikuwa na joto la kutosha kukausha nguo, lakini zipu haikushuka hata nchi moja mpaka tulipotoka nje.

Swali la mwisho lilikuwa lile ambalo tungepaswa kuliuliza mwaka mmoja uliopita: alitujuaje? Akasema alikuwa amesimama kwenye kituo cha Metro cha Monument, amechoka, koti wazi, na msichana mmoja akapiga kelele kutoka upande wa pili: "Mnyama!" Alikuwa mwanachama wetu, amekwisha kuhitimu na kurudi nyumbani. Wakazungumza treni mbili zikapita. Ndiye aliyemwambia kwamba kuna watu wanazungumza Kiswahili chuoni kila Alhamisi na kwamba apite. Mjomba alikuwa amekaa mji huu miaka minne bila kujua kwamba tupo, ingawa basi analolisafisha linapita mbele ya mlango wetu.

"Nilialikwa nikiwa nimeivaa," alisema. "Nikaona niwe nakuja nayo."

Njiani kurudi hatukuzungumza sana. Baadaye jikoni yule Yanga wetu alisema bado anaamini baba yake yuko sahihi, na sisi wengine tukakubali kwamba yuko sahihi kwa Dar es Salaam, ambako mzee yule akitoka nje ya mlango wake mtaa mzima unajua ni Yanga na ni mtoto wa nani. Hana haja ya kuandikwa. Mtu aliye mbali na mtaa wake ana hesabu nyingine. Tulikubaliana pia kwamba jezi haifai msibani, haifai kwenye usaili wa kazi, na kwamba jina la mchezaji mgongoni kwa mtu aliyepita miaka thelathini tuendelee kulibishania. Wa Unguja alichukua sindano. Mistari ya Newcastle ni vigumu kuilinganisha, na kiraka chake kimetoka kibaya kuliko cha Mjomba, mweusi umekutana na mweupe. Anasema ataifumua aishone upya.

Stika tuliifuta, ingawa kila aliyeihifadhi bado anayo, na kwa hiyo tunawaomba wanachama wote walio nayo waifute.

Mjomba amerudi. Alhamisi iliyofuata alikuja kwa wakati wake, akavua koti, na ndani alikuwa na shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi, vifungo mpaka shingoni. Akawasimulia wanafunzi mechi kama kawaida. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akamuuliza, kwa Kiswahili chake cha polepole, jezi yako iko wapi leo? Akamjibu kwamba ameifua, haijakauka. Kweli, kwa unyevu wa Novemba wa hapa nguo inaweza kuchukua siku mbili. Hii ni Alhamisi ya nne.